Gari la Deraya Mezani: Uhalali na Mipaka ya Kucheza Vita

Mchezo wa vita wa mezani ni shindano la watu wawili au zaidi wanaoamuru majeshi ya sanamu ndogo juu ya meza iliyopangwa vilima, barabara na nyumba za kuigiza. Mwendo hupimwa kwa tepu, shabaha huamuliwa kwa dadu, na kanuni zilizoandikwa ndizo zinazosema nani kaona, nani kapiga na nani kaangamia. Miongoni mwa sanamu zinazopendwa na wachezaji ni magari ya deraya na ya upelelezi ya Uingereza, kuanzia Rolls-Royce la mwaka 1914 hadi Scimitar la miongo ya mwisho ya karne ya 20. Swali la kimaadili linaloandamana nayo ni la kale kuliko injini: je, ni halali kwa binadamu kujiburudisha kwa mfano wa jambo lililowaua wenzake, na kama ni halali, mpaka wa uhalali huo uko wapi?

Magari haya yanafaa kulipima swali hilo kuliko silaha nyingi nyingine, kwa kuwa yalipewa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumpeleleza adui mwenye silaha. Ya pili ilikuwa kulinda dola: kupita mitaani na vijijini katika nchi zilizotawaliwa, mbele ya watu wasio na silaha au wenye silaha duni. Kazi ya kwanza inaingia mezani bila taabu. Ya pili haiingii, na sababu ya kutoingia kwake ndiyo kiini cha suala zima.

Magari yenyewe

Mwaka 1914 maofisa wa kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza waliokuwa Dunkirk walianza kufunga mabamba ya chuma kwenye magari ya kawaida, ili wapeleleze barabara za mpakani mwa Ufaransa na Ubelgiji na kuwaokoa marubani walioanguka. Muda si mrefu likaundwa gari la deraya la Rolls-Royce juu ya chasi ya Silver Ghost, gari la matajiri. Juu yake palikuwa na mnara unaozunguka wenye bunduki moja ya rashasha aina ya Vickers. Bamba lake, lenye unene wa milimita 12 hivi, lilizuia risasi ya bunduki lakini si kombora la mzinga. Magari ya aina hiyo yalipigana katika jangwa la magharibi mwa Misri, katika Hijazi, na katika vita vya Afrika Mashariki ya Wajerumani.

Vita Kuu ya Pili ilizaa aina nyingi: Humber, AEC, Daimler lenye mzinga wa milimita 40, na Marmon-Herrington lililotengenezwa Afrika Kusini kwa chasi ya Ford. Mwaka 1941 magari ya Marmon-Herrington yalikuwa katika majeshi yaliyotoka Kenya, yakavuka Somalia na kuingia Ethiopia, hadi Addis Ababa ikatekwa tarehe 6 Aprili. Dogo kuliko yote lilikuwa Daimler Dingo, gari la watu wawili. Lilikuwa na gia tano za kwenda mbele na tano za kurudi nyuma, ili dereva akikutana na adui aondoke kinyumenyume kwa kasi bila kupoteza muda wa kugeuza. Baada ya vita likaja Ferret, lililotengenezwa tangu 1952 hadi 1971, kisha Saladin lenye magurudumu sita na mzinga wa milimita 76, na hatimaye Scorpion na Scimitar zenye minyororo na deraya ya alumini. Saladin zilitumiwa na majeshi ya Sultani wa Oman katika vita vya Dhofar, miaka ya 1970.

Jambo moja linayaunganisha yote. Gari la upelelezi ni jepesi kwa makusudi, na nguvu yake ni kuona na kuondoka. Wanaolipanda wanatumwa mbele ya wenzao kwenda kujua kisichojulikana, na mara nyingi habari ya kwanza kuhusu alipo adui ni risasi inayoelekezwa kwao.

Modeli na madai yake

Modeli za magari haya hutengenezwa kwa plastiki, resini au aloi ya bati, kwa skeli mbalimbali. Airfix ya Uingereza ilieneza skeli ya 1:76. Flames of War, uliotoka mwaka 2002, hutumia 1:100, na Bolt Action, uliotoka mwaka 2012, hutumia 1:56. Wanaotaka kupanga majeshi makubwa huchukua 1:285. Dingo halisi lilikuwa na urefu wa takriban mita 3.2. Kwa 1:56 linakuwa na milimita 57, kwa 1:100 milimita 32, na kwa 1:285 milimita 11 tu. Mchezaji makini hupaka rangi za jangwani za 1941 au za Ulaya za 1944, hubandika alama ya kikosi, na hutafuta picha za zamani ili ajue mifuko na madebe ya maji yalifungwa upande gani.

Umakini huo ndio unaozitofautisha modeli na vipande vya sataranji. Sataranji nayo ina wafalme, farasi na askari wa miguu, na hakuna anayeona uchungu askari anapoliwa. Kipande cha sataranji hakidai kuwa mtu yeyote: hakina kikosi, mwaka wala mahali. Modeli ya gari la deraya inadai. Inasema kwamba gari hili lilikuwa hivi, la kikosi hiki, katika kampeni hii. Kadiri mchoraji anavyokuwa mwaminifu kwa rangi na alama, ndivyo modeli inavyogeuka kuwa kauli kuhusu historia, na kauli kuhusu historia hupimwa kwa ukweli.

Ikipimwa hivyo, modeli inaonekana kuwa kweli kwa umbo na si kweli kwa nafasi. Mzinga wa Daimler uliweza kurusha kombora lake mbali zaidi ya mita 1,000. Kwa skeli ya 1:56, umbali huo ungehitaji karibu mita 18, ilhali meza ya kawaida ina urefu wa mita 1.8. Kanuni za mchezo hulazimika kuukunja umbali, na magari ambayo katika uhai yalionana kama vumbi kwenye upeo wa macho yanasimama mezani yakikaribia kugusana. Udanganyifu huo hauna lawama, maana kila mchezaji anaujua. Unafundisha tu kwamba usahihi wa kitu hauleti peke yake usahihi wa tukio.

Hoja za wanaohalalisha

Mchezo wa vita wa kisasa ulianzia Prussia. Georg Leopold von Reisswitz aliuonyesha kwa mfalme wake mwaka 1812, na mwanawe akautoa mwaka 1824 ukiwa na ramani, kanuni na mwamuzi. Kusudi lilikuwa kuwafundisha maofisa kuamua bila kumwaga damu. Hoja ya mafunzo ilipata ushahidi mkubwa Liverpool mwaka 1942, pale Gilbert Roberts na wanawake vijana wa jeshi la majini walipoigiza mapambano ya manowari sakafuni, wakagundua mbinu za kulinda misafara ya meli katika Atlantiki. Kuna mabaharia waliofika nyumbani kwa sababu ya mchezo ule.

Hoja ya pili ni ya mbadala, na mtetezi wake maarufu ni H. G. Wells. Mwaka 1903 alichapisha hadithi iliyobuni mashine kubwa za chuma za kivita kabla hazijaundwa, na mwaka 1913 akatoa kitabu cha kanuni za kucheza vita kwa askari wa madini ya risasi na mizinga ya kuchezea. Wells alichukia vita. Alidai kwamba vita vidogo vya sakafuni vinamwonyesha mtu jinsi vita vikubwa vilivyo upuuzi, na kwamba ingekuwa heri watawala wapewe vyumba vya kuchezea. Mwaka uliofuata Ulaya ikaingia vitani, na Wells mwenyewe akaandika kuunga mkono vita hiyo akiamini itakomesha vita zote. Hoja yake haikushindwa kwa kuwa mchezo huzaa vita, jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha. Ilishindwa kwa kuwa wanaoamua vita hawapigani kwa kukosa burudani.

Hoja ya tatu ni ya kifalsafa. Aristotle, katika kazi yake juu ya ushairi, aliona kwamba watu hufurahia mifano sahihi ya mambo ambayo yenyewe yanatia uchungu au kinyaa kuyatazama, hata maiti, kwa sababu kujifunza kuna raha yake. Johan Huizinga, Mholanzi, aliongeza mwaka 1938 kwamba mchezo ni tendo la hiari linalofanyika katika mahali na muda uliotengwa, chini ya kanuni zake lenyewe. Ndani ya uwanja huo, kumpiga adui si uadui. Wachezaji wawili wanaoteketeza vikosi vya mezani hupeana mikono jioni, na hakuna aliyedhulumiwa.

Dini zinavyolitazama

Katika Uislamu mjadala una pande tatu, na hazitoi jibu moja. Kwanza ni suala la sanamu. Wanazuoni waliozuia sanamu walilenga hasa sanamu za viumbe wenye roho. Gari halina roho, hivyo modeli yake iko nje ya katazo hilo, na mjadala unabaki kwa sanamu ya askari anayechungulia mnarani. Hata hapo ipo hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha alicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (s.a.w.) bila kukatazwa, na wanazuoni wengi waliitumia kuruhusu vitu vya kuchezea vya watoto. Pili ni kuigiza vita. Imepokewa kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini Madina siku ya Idi, na Mtume akawatazama. Tatu ni namna ya kuamua ushindi. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, yanaihesabu sataranji kuwa makuruhu isipoambatana na kamari wala kupoteza sala, lakini michezo ya dadu imekemewa kwa ukali zaidi. Kwa mtazamo huo, kinachotia shaka mezani ni dadu kuliko silaha.

Katika Ukristo, Augustino aliyakumbuka maigizo ya Carthago kwa majuto. Alishangaa kwamba mtu hufurahia kuhuzunika kwa msiba ambao hawezi kuuponya, na aliogopa kwamba huruma inayotumika kwenye mfano huishia hapo hapo. Tomaso wa Akwino alikuwa mpole zaidi: akili, kama mwili, inahitaji pumziko, na kukosa kabisa uwezo wa kucheza ni kasoro pia. Akaweka masharti matatu. Raha isitafutwe katika jambo chafu au lenye madhara, mtu asipoteze uzito wa nafsi yake, na mchezo uwafae watu, wakati na mahali. Waquaker, ambao tangu tamko lao la 1660 wamekataa silaha zote, kwa kawaida wameviepusha vitu vya kuchezea vya kivita nyumbani mwao, kwa imani kwamba mkono hujifunza kile unachokizoea.

Mitazamo hii yote inamwangalia mchezaji: raha yake, sala yake, tabia yake. Ni kweli na ni muhimu, lakini yuko mwingine wa kuangaliwa. Naye ni mtu ambaye tukio linaloigizwa lilikuwa lake.

Kisichoingia mezani

Ili kitu kiwe mchezo, pande zote mbili lazima ziwe na uwezo wa kushinda. Kanuni za michezo hii hugawa alama ili majeshi yalingane: gari dhaifu ni rahisi, gari zito ni ghali, na kila upande huanza na jumla ileile. Bila usawa huo hakuna shindano, na bila shindano hakuna mchezo. Hapo ndipo historia ya gari la deraya inapogawanyika.

Tarehe 13 Aprili 1919, Brigedia Jenerali Reginald Dyer alikwenda Jallianwala Bagh, Amritsar, ambako maelfu ya Wahindi walikuwa wamekusanyika katika uwanja uliozungukwa na kuta. Alikuja na askari na magari mawili ya deraya yenye bunduki za rashasha. Njia ya kuingilia ilikuwa nyembamba mno, magari yakabaki nje. Askari 50 walipiga risasi 1,650 kwa muda wa dakika kumi hivi. Hesabu rasmi ilitaja watu 379 waliouawa, na Wahindi wenyewe walitaja idadi kubwa zaidi. Mbele ya kamati ya uchunguzi Dyer alikubali kwamba kama magari yangepita, yamkini angeamuru bunduki zake zitumike. Upana wa kichochoro ndio uliopunguza maiti siku ile.

Miaka mitatu baadaye jeshi la anga la Uingereza lilikabidhiwa ulinzi wa Iraki, na vikosi vya magari ya deraya vikawa chombo chake cha kila siku pamoja na ndege. Mtengenezaji wa modeli anaweza kulitoa gari la wakati ule likiwa sahihi hadi parafujo ya mwisho. Hawezi kuigeuza Jallianwala Bagh kuwa mchezo, kwa kuwa upande wa pili haukuwa na hatua ya kuchukua. Haukukubali kucheza, na haukuwa na namna ya kushinda.

Afrika Mashariki inatoa mfano ulio kimya zaidi. Rolls-Royce za mwaka 1916 zinaweza kupangwa mezani dhidi ya askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na pambano likapendeza. Lakini vita ile ilibebwa vichwani. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa magonjwa na njaa, na kumbukumbu yao imebaki katika majina ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi. Sanamu za ukumbusho zilizosimamishwa Nairobi baada ya vita zilimpa mpagazi nafasi pamoja na askari. Mezani hana nafasi. Hana thamani ya shambulizi, hana alama, hivyo kanuni hazimwoni. Mchezo huhesabu wanaopigana, na vita huwaua pia wasiopigana.

Simone Weil, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliandika mwanzoni mwa Vita Kuu ya Pili kwamba nguvu ya silaha ina tabia ya kumgeuza mtu kuwa kitu. Mchezo wa modeli huanza mahali ambapo mageuzi hayo yamekwisha kufanyika, maana askari wake ni vitu tangu mwanzo. Hilo linaupunguzia mchezo lawama, kwa kuwa kitu hakiumii. Ila linaunyima uwezo wa kuonyesha mtu akigeuzwa, na hicho ndicho kilichotokea Amritsar.

Huenda ikajibiwa kwamba mchezo unaweza kutungwa ili kuubeba ukatili wenyewe. Mfano upo. Mwaka 2009 Brenda Romero wa Marekani alitoa mchezo uitwao Train, ambamo wachezaji hupakia watu kwenye mabehewa kwa ustadi, na mwisho wa safari wanagundua kuwa kituo ni Auschwitz. Mchezo huo unathibitisha kanuni badala ya kuivunja. Unaufikisha ukweli wake kwa kuiua raha ya ushindi, na anayejua mwisho wake hawezi tena kuucheza ili ashinde.

Jicho lisilokuwepo

Upo upungufu mwingine, wa kielimu kuliko wa kimaadili, nao unaligusa gari la upelelezi moja kwa moja. Mchezaji anasimama juu ya meza na kuona kila kichaka. Dingo lake limetumwa kutafuta kile ambacho yeye amekwisha kukiona, hivyo kazi yake halisi inatoweka, na gari linabaki kuwa kifaru dhaifu. Hofu ya dereva anayekaribia kona haiwezi kuwapo, kwa kuwa juu ya meza hakuna kona iliyofichwa.

Watungaji wa kanuni wamejitahidi kulirekebisha hili. Wafuasi wa Reisswitz waliwatenga wachezaji, na mwamuzi akamwambia kila mmoja kile tu ambacho askari wake wangeona. Michezo mingine huficha vikosi chini ya alama zisizotambulika hadi vipelelezwe. Chain of Command, uliotoka mwaka 2013, huanza kwa hatua ya doria ambamo kila upande hutafuta pa kuanzia kabla askari yeyote hajawekwa mezani. Jitihada hizi ni kazi ya uaminifu. Zinamrudishia mchezaji sehemu ya kutojua ambako ndiko hali halisi ya mwanadamu vitani, na zinamwonyesha kwamba uamuzi unaoonekana wa kijinga katika kitabu cha historia ulifanywa na mtu asiyeona kilichokuwa nyuma ya kilima.

Mpaka wa uhalali

Basi jibu la swali la mwanzo lina sehemu mbili. Kucheza vita kwa modeli za magari ya deraya si dhambi kwa asili yake. Hakumdhuru mtu, kunafanywa kwa hiari, kunafundisha subira ya mikono na nidhamu ya uchunguzi, na kunaweza kumpa mtu ufahamu wa mambo ambayo maelezo matupu hayampi. Anayeshika masharti ya Tomaso wa Akwino, au anayelinda sala yake na kuepuka kamari, hana la kujutia.

Uhalali huo unakoma pale mchezo unapochukuliwa kuwa ndiyo historia yote. Meza inaonyesha tu mapambano yenye pande mbili, na anayejifunza vita mezani peke yake atadhani kwamba silaha hizi zilikutana daima na silaha nyingine. Kwa hiyo wajibu wa mchezaji unafanana na dai la modeli yake. Aliyetafuta picha ili ajue rangi ya Rolls-Royce la Iraki mwaka 1922 amekwisha kukiri kwamba ukweli una thamani, na ukweli huo hauishii kwenye rangi. Unamtaka ajue gari lilikwenda wapi, lilimlenga nani, na nani alitembea kwa miguu nyuma yake akiwa na mzigo kichwani. Elimu hiyo inapatikana katika historia zilizoandikwa, katika ushahidi uliotolewa mbele ya kamati na katika kumbukumbu za watu waliotawaliwa. Mchezaji aliyeipata anaweza kurudi kwenye shindano lake kwa dhamiri safi, na aliyeikataa ameshika sehemu ya kauli ambayo modeli yake mwenyewe inamdai aikamilishe.